Mlinzi wa Mzizi: Bakteria wa Udongo na Mnyauko wa Pamba

Ukikata njia za Darajani ukaingia maduka ya kanga, utaulizwa rangi, utaulizwa jina la kanga, utaulizwa una shilingi ngapi. Pamba ya doti ile imetoka shamba gani hakuna atakayekuuliza. Unguja hatulimi pamba ya kuuza, na wengi wetu tunaosoma kilimo hapa tunamaliza shahada bila ya kuushika mpamba kwa mkono. Ndiyo maana nilipochukua mnyauko wa pamba kuwa mada yangu ya kuwasilisha darasani, mwenzangu mmoja alinyoosha mkono akaniuliza mbele ya watu: "Sasa siye pamba inatuhusu nini, bwana? Si ungechukua tungule?"

Swali zuri lile, na muda wa darasa haukunitosha kulijibu. Nalijibu hapa, na wanaopenda tungule na ndizi wasiondoke, zao zinakuja.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mnyauko fuzari wa pamba unaletwa na fangasi anayeitwa Fusarium oxysporum. Fangasi huyu ana makabila mengi, na kila kabila lina mmea wake. Linaloshambulia pamba linaitwa vasinfectum, na George Atkinson alilieleza tokea mwaka 1892 kule Alabama, Marekani. La ndizi ni jengine, la tungule ni jengine. La pamba halimgusi mgomba hata ukiupanda katikati ya shamba lililokufa. Kwa macho ya hadubini lakini wote wanafanana kama mapacha, na mwendo wao ndani ya mmea ni mmoja. Kwa hiyo ukiuelewa mnyauko mmoja vizuri umeshauelewa nusu ya mwengine.

Fangasi anaingia kwenye nchani mwa mizizi, anapenya mpaka kwenye mirija inayopandisha maji, kisha anapanda nayo juu. Mmea unapomhisi unajaribu kujitetea kwa kuziba mirija yake wenyewe kwa ute na vijipuvu. Hapo ndipo msiba unapoanza: adui anaziba, na mwenye nyumba naye anaziba. Maji hayapandi tena. Majani ya chini yanageuka manjano kuanzia ukingoni, yanakauka, yanapukutika. Mkulima akiangalia anasema ni jua. Anamwagia maji, na maji hayasaidii kitu kwa sababu chini yamejaa tele, njia ndiyo imefungwa.

Ukitaka kuhakikisha, pasua shina kwa urefu. Mnyauko fuzari unaacha michirizi ya kahawia kwenye mirija, na ukikata shina kwa mapana unaona duara la kahawia. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi wanalichanganya. Ipo minyauko inayoletwa na bakteria, kama ule wa tungule na ule unaowasumbua wakulima wa migomba Kagera. Kipimo chake hakihitaji maabara: kata kipande cha shina, kining'inize ndani ya gilasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huyo ni bakteria. Usipouona, na duara la kahawia lipo, mfikirie fuzari. Gilasi na wembe tu. Sijui kwa nini kipimo hichi hatufundishwi mwaka wa kwanza.

Dawa ya kupuliza haimfikii. Yuko ndani ya mirija na ndani ya udongo, na mmea ukifa anatengeneza spora zenye ukuta mnene zinazolala ardhini miaka mingi bila ya kuhitaji pamba. Shamba likishaingia, limeingia. Mkulima mwenye ekari tatu Simiyu hana pa kuhamia.

Tanzania ugonjwa huu ulijulikana Kanda ya Ziwa katikati ya miaka ya 1950. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kikaingia kazini. Njia waliyoichagua ilikuwa mbegu: wanapanda aina mbalimbali kwenye udongo wenye ugonjwa, zinazosalimika wanazichukua, wanazizalisha, wanarudia tena. Aina za pamba zenye jina linaloanza na UK, kama UK91, hiyo UK ni Ukiriguru. Kazi ile ndiyo iliyoibakisha pamba ya Usukumani mpaka leo, na mimi sipendi kuona makala za bakteria zinazoanza kana kwamba kabla yao hapakuwa na kitu.

Ila ustahimilivu wa mbegu una mpenyo wake, nao ni minyoo fundo. Hawa ni minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoingia mizizini na kuifanya ivimbe mafundomafundo. Robert Hillocks, aliyefanya utafiti wa magonjwa ya pamba hapo Ukiriguru, ameandika sana juu ya ushirika wa minyoo hii na fuzari. Mzizi ulioingiliwa na minyoo unampa fangasi chakula na mlango, na mmea uliosifiwa kuwa unastahimili unanyauka kama mwengine. Ugonjwa unapenda zaidi udongo mwepesi wa kichanga wenye asidi, ule ambao Wasukuma wanauita luseni, na minyoo nayo inapenda kichanga. Wamekutana wote nyumba moja.

Kisha kuna habari ya mbegu kusafirisha ugonjwa. Fangasi huyu anaweza kukaa kwenye mbegu, nje na ndani. Na pamba ina desturi yake: mkulima anauza pamba mbegu, kiwanda cha kuchambua kinatenganisha nyuzi na mbegu, na mbegu za mashamba mengi zinachanganyika. Sehemu inakamuliwa mafuta, sehemu inarudi kwa wakulima msimu unaofuata. Mbegu za shamba moja gonjwa zikichanganyika na za mashamba mia mazima, msimu ujao umeshaupeleka ugonjwa vijijini kwa gari na kwa risiti. Naomba msomaji aiweke akilini habari hii ya mbegu, kwa sababu hapo ndipo bakteria wetu watakapoingia.

Sasa bakteria.

Wazo hili halikuanzia maabara. Limeanzia kwenye mashamba ambayo yalikataa kuugua. Ufaransa, sehemu za Châteaurenard, palikuwa na udongo ambao fuzari alikuwemo na mmea ulikuwemo, lakini mnyauko haukushika. Claude Alabouvette na wenzake walipoupitisha udongo ule kwenye mvuke wa moto, ulinzi ulitoweka. Walipouchanganya tena na kiasi kidogo cha udongo uleule usiochomwa, ulinzi ulirudi. Kitu kinachokufa kwa moto na kurudi kwa kuchanganywa ni kitu hai. Udongo ule ulikuwa na walinzi ndani yake, baadhi yao fangasi wasiodhuru, baadhi yao bakteria wa aina ya Pseudomonas.

Wanalinda vipi? Njia ya kwanza ni ya kuwahi nafasi. Mzizi mchanga unatoa sukari na asidi kupitia nchani mwake, na vijidudu vyote vya jirani vinaukimbilia. Anayefika mwanzo anakula na anajaza sehemu. Anayechelewa anakuta pamejaa, kama daladala ya saa moja asubuhi.

Njia ya pili ni ya chuma, na hii ndiyo inayonivutia mimi kuliko zote. Kila kiumbe kinahitaji madini ya chuma, na udongo umejaa chuma, lakini mwingi umefungika hauyeyuki. Bakteria wa Pseudomonas wanatoa kitu kinachoitwa sideroforo, mfano wa kulabu ndogo inayokamata chuma na kukirudisha kwa mwenyewe tu. Fuzari naye ana kulabu zake, lakini ni dhaifu zaidi, kwa hiyo anashindwa na njaa kabla ya kushindwa na sumu. Mwaka 1980 Joseph Kloepper na wenzake walionesha jambo hili kwa jaribio safi sana: walipouongezea udongo chuma kinachoyeyuka, ulinzi ulipotea. Kila mtu ameshiba, hakuna tena cha kugombania.

Hebu tulilete hili nyumbani. Chuma kinafungika zaidi kwenye udongo wenye chokaa, kinalegea kwenye udongo wa asidi. Maana yake, bakteria anayetegemea kulabu za chuma anaweza kufanya kazi nzuri kwenye uwanda wetu wa mawe ya matumbawe, kule Makunduchi na Paje, kuliko kwenye luseni ya Usukumani yenye asidi. Hii ni hoja yangu ya mezani, inataka jaribio. Lakini inaonesha kwa nini kuagiza chupa ya bakteria kutoka nchi nyengine na kuimwaga popote si elimu.

Njia ya tatu ni sumu. Bakteria wa aina ya Bacillus wanatengeneza lipopeptidi, kama iturini na fenjisini, zinazotoboa utando wa fangasi. Ndizo zinazofanya lile duara tupu ndani ya kisahani cha petri ambalo kila mwanafunzi anapenda kulipiga picha.

Ya nne ni ya ajabu. Mwaka 1991 Uholanzi, van Peer na wenzake walifanya kazi na maua ya kanesheni. Waliwaweka bakteria mizizini, na fuzari wakamwingiza kwenye shina, mbali na bakteria. Hawakukutana kabisa. Hata hivyo mimea iliyokuwa na bakteria iliugua kidogo zaidi. Bakteria hakumpiga mtu. Aliuamsha mmea wenyewe, ukawa macho, na adui alipokuja ukajitetea haraka. Tokea siku niliyosoma hayo nimeacha kuwaita bakteria hawa "dawa". Dawa haifundishi.

Njia zote nne zina kitu kimoja ndani yake: zinahitaji bakteria awepo kabla ya fangasi. Mmea ulioanza kunyauka ukiumwagia bakteria bora duniani, unamwagia maji ya baraka. Mirija imeshazibwa. Kwa hiyo mahali pa bakteria ni kwenye mbegu, siku ya kupanda, ili mzizi ukichomoza tu umkute mlinzi ameshakaa. Na kama tulivyoona, mbegu ndiyo hiyohiyo gari ya ugonjwa. Kwa pamba ya Tanzania, nadhani vita vyote viko pale mbegu inapotoka kiwandani na kabla haijafika kwa mkulima. Wanaozungumzia kunyunyizia mashamba mazima kwa mabomba wanazungumzia gharama ambayo mkulima wa jembe la mkono hataimudu, na faida yake ni ndogo.

Mbegu za pamba ziko za namna mbili, zenye manyoya na zilizoondolewa manyoya. Zenye manyoya ni taabu kuzipaka kitu chochote kikashika sawasawa. Zinashikana, nyengine zinapata kingi, nyengine hazipati kabisa. Zilizoondolewa manyoya kwa asidi zinapoteza pia sehemu ya vijidudu vya nje, na zinapakika vizuri. Ila fangasi aliyemo ndani ya mbegu asidi haimtoi, na bakteria hamtoi pia. Tusijidanganye hapo.

Marekani walishapita njia hii. Tokea mwanzoni mwa miaka ya 1990 Bacillus subtilis anayejulikana kwa namba GB03, aliyeuzwa kwa jina la Kodiak, alipakwa kwenye mbegu za pamba kwa kiwango kikubwa cha biashara. Ukisoma kwa makini utaona mambo mawili. Kwanza, hakupakwa peke yake. Alichanganywa na viuafangasi vya kawaida. Dawa ililinda siku za mwanzo, bakteria akaendelea kukua na mzizi baada ya dawa kuisha nguvu. Pili, alichaguliwa Bacillus na si Pseudomonas, ingawa Pseudomonas ndiye aliyekuwa na sifa nyingi vitabuni. Sababu ni ya dukani. Bacillus anatengeneza spora, anakauka, anakaa kwenye mfuko muda mrefu akiwa hai, anavumilia joto. Pseudomonas hana spora. Mkaushe, mweke kwenye duka la bati Bariadi mwezi wa kumi, mkulima atanunua unga wa maiti.

Hili la dukani linatosha kuua utafiti mzuri, na sisi hatulipimi. Nimesoma miradi ya mwaka wa mwisho ya watangulizi wetu na ya vyuo vyengine, mingi inafuata nyayo zilezile: mwanafunzi anachota udongo, anaotesha bakteria, anawakutanisha na fangasi kwenye kisahani, anapima duara, anaandika kwamba bakteria namba saba "ana uwezo mkubwa wa kudhibiti mnyauko". Mnyauko gani? Hapo hapana mmea. Kisahani kina sukari na viazi, chakula cha harusi. Udongoni kuna njaa, kuna maelfu ya washindani, kuna kiangazi. Bakteria anayetoa sumu nyingi akiwa ameshiba pengine hatoi hata tone akiwa na njaa, na bakteria asiyefanya duara lolote anaweza kuwa ndiye anayeuamsha mmea. Kwa kuchagua kwa duara tunawatupa wale wa njia ya nne wote.

Hatua ya pili ya kawaida ni vyungu vyenye udongo uliochomwa kwa mvuke. Ni afadhali, lakini umeshamwondolea bakteria wako washindani wote, umempa nyumba tupu. Ukitaka jaribio lenye maana tumia udongo wa shamba kama ulivyo, na vyungu viwe na angalau makundi manne: mmea mtupu, mmea na fangasi, mmea na bakteria, mmea na wote wawili. Kundi la tatu watu wanalisahau, nalo ndilo linalokuonesha kama bakteria wako anakuza mmea, hafanyi kitu, au anaudhuru. Panga vyungu kwa kura, usiweke kundi zima upande wenye kivuli. Mwisho wa jaribio pasua mashina yote, usihesabu yaliyonyauka tu, kwani mengine yana kahawia ndani na nje yanacheka. Na rudi kwenye mzizi umtafute bakteria wako: kama hayupo, matokeo mazuri uliyoyapata si yake. Msimu mmoja hautoshi, ingawa muhula hautoi miwili; hapo dawa ni wanafunzi wawili kupokezana mradi, jambo ambalo idara zetu zinaweza kulipanga bila ya kuongeza hata shilingi.

Kuna la usalama pia, ambalo sikulisikia likisemwa maabara. Baadhi ya bakteria wanaolinda mizizi vizuri ni jamaa wa karibu wa bakteria wanaougua watu. Burkholderia cepacia ni mlinzi hodari wa mizizi, na pia anaingia kwenye mapafu ya wagonjwa wenye kinga dhaifu. Marekani ilibidi matumizi yake shambani yawekewe mipaka. Pseudomonas aeruginosa anapatikana kwenye udongo na anapatikana kwenye vidonda vya hospitali. Kwa hiyo kabla hujampa mkulima chupa ya "bakteria rafiki" uliyemtoa nyuma ya bweni, mjue kwa jina lake kamili. Biashara yake nayo inapita kwenye usajili wa viuatilifu. Tanzania Bara mwenye mamlaka ni TPHPA.

Turudi Unguja, kwenye swali la mwenzangu. Tungule zetu zina fuzari wao na zina mnyauko wa bakteria, na mkulima anayezichanganya ananunua dawa isiyomhusu. Gilasi na wembe vingemwokolea fedha. Kuhusu migomba, fuzari wa ndizi wa kabila la zamani anaziua aina kama kisukari, na kabila jipya linaloitwa TR4, linaloshambulia aina nyingi zaidi, liliripotiwa kaskazini ya Msumbiji mwaka 2013, kisha likafika Mayotte. Angalia ramani, si mbali na sisi. Bakteria wa udongo hawatalizuia TR4 lisishuke bandarini. Linakuja na udongo kwenye kiatu, kwenye jembe, kwenye chipukizi aliyefungwa kwenye gunia kwa ajili ya jamaa. Hapo kinga ni kutolichukua chipukizi lile, na kisiwa kina bahati ya kuwa na bahari pande zote, bahati ambayo Simiyu hawana.

Ndani ya shamba ambalo fuzari ameshaingia ndipo bakteria ana kazi, naye si peke yake: aina stahimilivu, kubadilisha mazao yasiyozalisha minyoo fundo, chokaa pale udongo ulipo na asidi, samadi iliyoiva, mbegu safi, kisha yeye. Ukimtoa kwenye orodha hiyo ukamsimamisha pekee, atashindwa, na watu watasema sayansi ya bakteria ni uongo.

Muhula huu sisi watatu tunaanza na tungule, kwa sababu pamba hatuna na mwenzangu aliyeuliza swali amejiunga. Tumechota udongo sehemu mbili, uwanda wa Makunduchi na udongo mwekundu wa Kizimbani, bila ya kuuchoma. Tunataka kujua kama hoja yangu ya chuma ina ukweli: bakteria walewale, tungule zilezile, udongo mbalimbali, na nusu ya vyungu vikiongezewa chuma. Mwenye wembe za ziada atuletee.